Usiingie Mashineni na Kiu

Hotuba kwa wananchi iliyotolewa Tanga mjini baada ya swala ya alasiri, katika wiki ya Siku ya Figo Duniani, na kuandikwa upya kwa ajili ya wasomaji

Ndugu mwenyekiti, masheikh na wachungaji mliopo, wazee wangu shikamooni, mama zangu, kaka na dada zangu, na nyinyi vijana wa vyuo vya afya mliosimama kule nyuma: asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Siku ya Figo Duniani huadhimishwa Alhamisi ya pili ya mwezi wa Machi, na mwaka huu imetukuta ndani ya Ramadhani, kwa hiyo najua kwamba wengi wenu mnanisikiliza mkiwa na koo kavu tangu alfajiri. Nimejiuliza kama ni uungwana kuzungumza habari za maji mbele ya watu waliofunga, na nimeona kwamba inafaa, kwa sababu jambo nililokuja kulisema ni la kiu, na hakuna hadhira itakayolielewa upesi kama nyinyi wa leo.

Mimi ni mteknolojia mionzi mstaafu, yaani yule mtu wa chumba cha eksirei anayekuambia uvute pumzi, uizuie, usitikisike. Nilianza kazi enzi za chumba cha giza, filamu zikioshwa kwenye matangi ya dawa na kuanikwa zikauke, na nikastaafu wakati picha zinaonekana kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajashuka kitandani. Katika miaka hiyo yote kuna dawa moja niliyoishika karibu kila siku, na ndiyo inayonileta hapa. Sisi tunaiita kontrasti. Wagonjwa wengine huiita dawa ya rangi, ingawa ukiimimina kwenye glasi utaona haina rangi yoyote. Ni maji maangavu, mazito kuliko maji ya kunywa, na yananata kidogo yakikaukia kwenye vidole.

Kazi yake ni hii. Eksirei huona mfupa vizuri kwa sababu mfupa una madini mazito yanayoizuia mionzi isipite, lakini mshipa wa damu, ini, utumbo na figo vyote vinafanana mbele ya mionzi, kama watu waliovaa nguo za rangi moja gizani. Ili daktari auone mshipa ulioziba au uvimbe uliojificha ndani ya ini, inabidi damu yenyewe ipewe kitu kizito, na kitu hicho ni iodini. Akina mama mnaijua iodini kwa jina jingine, kwa maana ndiyo madini joto yaliyoandikwa kwenye pakiti ya chumvi. Tofauti ni kiasi. Kwenye chumvi ni chembe ndogo mno, ilhali mgonjwa wa CT scan ya tumbo, yaani eksirei ya kompyuta inayopiga picha za mwili tabaka kwa tabaka, huingizwa mshipani dawa ya takriban mililita 100, iliyojaa iodini, kwa muda usiozidi dakika chache. Ndipo anaposikia joto likimshuka kutoka kooni hadi kinenani, ladha ya chuma ikamjia mdomoni, na wengi huona aibu wakidhani wamejikojolea. Hawajajikojolea. Ni dawa inapita.

Baada ya kupita, ni lazima itoke, na mlango wake wa kutokea ni figo. Mtu mwenye figo nzima huipunguza kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, na ikifika kesho yake karibu yote imeshatoka kwa njia ya mkojo. Kwa hiyo figo ndiyo inayobeba mzigo wote wa dawa ambayo haikuletwa kwa ajili yake, na swali langu la leo ni katika hali gani mzigo huo huiumiza.

Naomba niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu bila historia hamtaelewa kosa tulilolirithi. Mwaka 1923, madaktari wa Mayo Clinic huko Marekani waligundua kwamba wagonjwa wao wa kaswende, ambao wakati ule walitibiwa kwa chumvi za iodini, walikuwa na mkojo unaoonekana kwenye picha ya eksirei. Mwaka 1929 kijana wa Kimarekani aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, Moses Swick, akafanikisha matumizi ya dawa ya kwanza ya aina hiyo iliyofaa kuchomwa mshipani, iliyoitwa Uroselectan, na tangu hapo njia ya mkojo ya binadamu ikaanza kupigwa picha kwa sindano ya mshipani tu. Kipimo hicho ndicho tulichokiita IVU, na mimi nimekifanya mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Sasa sikilizeni hapa. Ili picha ya IVU itoke nzuri, mkojo ulitakiwa uwe mzito, maana mkojo mzito hubeba dawa iliyokolea na picha hung'aa. Na mkojo unakuwaje mzito? Mtu asinywe maji. Kwa hiyo sisi, kwa makusudi na kwa kufuata vitabu vyetu, tulimwambia mgonjwa: tangu jana jioni usinywe kitu. Tuliwakausha watu ili tupate picha. Mwaka 1954 ilichapishwa taarifa ya mgonjwa mwenye saratani ya uboho aliyefeli figo baada ya kipimo cha namna hiyohiyo, na baada ya hapo taarifa nyingine zikafuata, hasa za wazee na za watu wenye kisukari, lakini amri ya kunyima maji iliendelea kuishi kwenye vyumba vyetu miongo mingi baadaye. IVU yenyewe leo imebaki adimu, kwa sababu ultrasaundi na CT zimechukua nafasi yake, ila amri yake haikuondoka nayo. Ilihamia kwenye CT. Mpaka leo kuna hospitali ambazo mgonjwa hupewa kikaratasi cha miadi kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba asile wala asinywe tangu usiku, na ukimuuliza aliyekiandika sababu, atakuambia ndivyo alivyokikuta.

Dawa za zamani zilikuwa na shida ya pili. Zilikuwa kali kwa kiasi cha chembe zilizoyeyushwa ndani yake, mara tano au sita ya damu, au zaidi. Mtu wa pwani hahitaji darasa kuelewa maana yake, kwa sababu ameona papa akipasuliwa na kupakwa chumvi ili awe ng'onda: chumvi huyavuta maji kutoka ndani ya nyama mpaka nyama inakakamaa. Dawa ile iliivuta damu na chembe zake namna hiyohiyo. Aliyetuokoa ni daktari wa radiolojia wa Sweden, Torsten Almén, na husimuliwa kwamba wazo lilimjia kutokana na kuogelea, baada ya kuona kuwa maji ya bahari yenye chumvi nyingi yanamchoma macho na yale yenye chumvi kidogo hayamchomi. Akajiuliza kwa nini dawa ichome mishipa kama bahari ichomavyo macho, na mwaka 1969 akaeleza namna ya kutengeneza kontrasti isiyo na ukali ule. Dawa zinazotumika leo kwenye CT ni watoto wa wazo hilo. Zina ukali wa mara mbili au tatu ya damu, na zipo zilizo sawa na damu kabisa. Hivyo mtu akikuogofya kwa kisa cha miaka ya sabini, mwambie dawa imebadilika.

Lakini figo haijabadilika, na namna inavyofanya kazi ndiyo inayoeleza kwa nini kiu ni adui. Figo zetu mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, nasi hukojoa lita moja au mbili tu, kwa kuwa karibu maji yote yaliyochujwa hurudishwa mwilini kupitia mirija midogo isiyoonekana kwa macho. Kontrasti huchujwa pamoja na maji hayo, ila yenyewe hairudishwi. Maji yanarudi, dawa inabaki. Mwili ukiwa na kiu, figo hujitahidi kuyarudisha maji hata yale ya mwisho, na dawa iliyobaki kwenye mrija inazidi kukolea na kuwa nzito. Mama anayepika shira ya kalimati anajua: ukiisahau jikoni maji yakaenda, sukari haiendi, na kile kilichokuwa kinamiminika kinaanza kujivuta kwa uzi. Ndani ya mrija wa figo hali huelekea hukohuko. Wakati huohuo dawa huibana mishipa midogo inayopeleka damu sehemu ya ndani ya figo, sehemu ambayo hata siku njema huishi kwa hewa ya oksijeni iliyopungua, na chembehai zinazoujenga mrija nazo huguswa na dawa moja kwa moja. Figo yenye nguvu na maji ya kutosha huvumilia hayo yote na kesho yake haikumbuki. Figo iliyochoka na iliyokauka inaweza kushindwa.

Hapa nitawaeleza habari ya shangazi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyefariki miaka mingi baadaye kwa sababu nyingine. Alikuwa na miaka 78, mwembamba, mkazi wa Pangani, na alikuwa akiumwa tumbo upande wa kulia. Daktari aliagiza CT yenye kontrasti katika hospitali ambayo sitaitaja, kwa kuwa kosa lile lingeweza kutokea popote, na mimi mwenyewe nilishiriki. Ndiye niliyewapigia simu wenzangu apate nafasi ya mapema. Aliambiwa asile wala asinywe tangu usiku. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa ameharisha. Kwa wiki kadhaa alikuwa akimeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya magoti, alizonunuliwa na mjukuu wake duka la dawa, na hakuna aliyemuuliza. Alipanda basi la alfajiri, likachelewa, akaketi kwenye benchi la ukumbi wa kusubiria mpaka karibu na adhuhuri.

Nilimkuta pale. Alikuwa amepaka hina, na muuguzi alikuwa akiutafuta mshipa kwenye mkono wake kwa mara ya tatu, akisema mishipa imekimbia. Niliifinya ngozi ya mgongo wa kiganja chake, kama tunavyofundishwa kumpima mtoto anayeharisha, na ngozi ikabaki imesimama kama kunjo la kanga, haikurudi. Niliona. Midomo ilikuwa mikavu na ulimi unagota anaposema. Akaniambia, "Mwanangu, nipe hata funda moja nilowanishe koo." Nikamjibu, "Vumilia kidogo shangazi, ukishatoka utakunywa." Chupa ya maji ilikuwa kwenye mkoba wangu.

Karatasi yake ya maabara ilisema kreatinini, taka ya damuni ambayo figo hupaswa kuitoa, ni mikromoli 110 kwa lita, na maabara ile ilikuwa imeiandika kuwa ya kawaida. Siku ya tatu miguu ilivimba na mkojo ukapungua, tukapima tena, ikawa 390. Alilazwa, akapewa dripu kwa uangalifu, diklofenaki zikasimamishwa, na Mungu saidia hakufika kwenye mashine ya kusafisha damu. Baada ya wiki tatu kreatinini ilishuka hadi 160, ikakwama hapo. Haikurudi ilikotoka.

Mtu akiniuliza leo kama kontrasti ndiyo iliyomuumiza shangazi, siwezi kuapa. Kuharisha peke yake kunaweza kuiangusha figo ya mzee. Diklofenaki peke yake inaweza. Kunyimwa maji siku ya joto la Tanga kunaongeza. Kontrasti ikaja juu ya hayo matatu, na kwa kuwa ndiyo iliyokuja mwisho, ndiyo iliyobeba jina. Wahenga walisema jogoo awike asiwike kutakucha, na wanasayansi nao wamelazimika kujiuliza swali hilohilo: je, figo hizi zimeharibika kwa sababu ya dawa, au zingeharibika hata kama dawa isingetolewa, maana mtu anayepelekwa CT mara nyingi ni mgonjwa sana tayari? Mwaka 2013 watafiti wa Mayo Clinic walilinganisha wagonjwa wengi waliopigwa CT kwa kontrasti na wanaofanana nao waliopigwa bila kontrasti, wakakuta kreatinini inapanda kwa viwango vinavyokaribiana katika makundi yote mawili. Watafiti wengine wa Marekani, mwaka uleule, walikuta madhara yapo, ila kwa wale ambao figo zao zilikuwa zimeshuka sana. Ndiyo maana wataalamu wengi siku hizi wameacha kusema madhara yaliyosababishwa na kontrasti, wanasema yaliyoambatana na kontrasti. Kwa Kiswahili tofauti ya maneno hayo mawili iko wazi, nami nimefurahi kwamba sayansi imekubali unyenyekevu huo.

Sasa hofu ikae wapi na utulivu ukae wapi? Mwaka 2020 wataalamu wa radiolojia na wa figo wa Marekani walitoa tamko la pamoja kuhusu kontrasti inayochomwa kwenye mshipa wa kawaida wa mkononi. Kipimo wanachokitumia ni kasi ya uchujaji wa figo, kwa mililita kwa dakika. Mwenye kasi ya 45 au zaidi, hatari ya kuumizwa na dawa yenyewe iko karibu na sifuri. Kati ya 30 na 44, haizidi asilimia 2. Chini ya 30 ndipo penye tahadhari ya kweli, ambapo makadirio hufika hadi asilimia 17. Hao wa chini ya 30, pamoja na mtu ambaye figo zake zimeumia ghafla siku hizo hizo, ndio tunaotakiwa kuwatafuta kabla sindano haijaingia. Vipimo vya mishipa ya moyo, ambapo mrija hupitishwa kwenye ateri na dawa ikafika figo ikiwa bado imekolea, vinahitaji uangalifu zaidi kuliko CT, na wanaopewa rufaa kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya moyo waulize jambo hili mapema.

Nisisitize jambo moja kuhusu kreatinini, kwa kuwa ndilo lililompata shangazi. Kreatinini hutokana na misuli. Kijana wa miaka 25 anayepakua mizigo bandarini ana misuli mingi, na akiwa na kreatinini ya 110 kasi ya figo zake ni zaidi ya 80, hana neno. Bibi wa miaka 78 mwenye 110 ileile, ukiipiga hesabu kwa umri wake na jinsia yake, kasi yake ni kama 44. Namba moja, figo mbili tofauti kabisa. Na hiyo 44 ni kama hali imetulia. Mtu aliyekauka kwa kuharisha anaweza kuwa chini zaidi, kwa sababu kreatinini huchelewa kupanda nyuma ya madhara. Kwa hiyo msiridhike na neno "kawaida" lililoandikwa pembeni ya namba. Muulizeni daktari, "Kwa umri wangu huu, kasi ya figo zangu ni ngapi?" Ni swali la heshima na lina jibu, na fomula yake ipo hata kwenye simu ya mkononi.

Nani apimwe kabla? Mwenye ugonjwa wa figo unaojulikana, mwenye kisukari, mwenye presha ya muda mrefu, mzee, aliyewahi kukatwa figo moja, na mgonjwa aliyelazwa ambaye amekuwa akichomwa dawa za kuua bakteria kama jentamaisini. Na kabla ya kupimwa kuna kuulizwa. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao zisimame siku chache kabla, kwa ushauri wa daktari. Mimi nadhani vidonge hivi, vinavyouzwa mtaani kama karanga, vinaziumiza figo za watu wa mkoa huu kuliko kontrasti itakavyoweza kuziumiza. Mitishamba nayo itajwe bila aibu, kwa sababu ipo inayodhuru figo, na daktari hawezi kukisia kilichochemshwa nyumbani. Wanaotumia metformini kwa kisukari waelewe kwamba dawa hiyo haiumizi figo, ila figo zikizimika hurundikana mwilini na kuleta sumu ya tindikali, ndiyo sababu mwenye figo dhaifu huambiwa aisimamishe siku ya kipimo na kwa saa 48 baadaye, mpaka figo zithibitishwe kuwa salama.

Kisha maji. Mgonjwa wa kawaida wa CT anywe maji yake kama kawaida kabla na baada. Mwongozo wa wataalamu wa radiolojia wa Ulaya unasema wazi kwamba kufunga kula na kunywa kabla ya kontrasti za kisasa hakupendekezwi. Ikiwa kipimo chako kinahusisha kulazwa usingizi au upasuaji, hilo ni jambo lingine na lina sababu yake, hivyo ufuate ulivyoambiwa. Mwenye kasi ya chini ya 30 hutundikiwa dripu ya maji ya chumvi kabla na baada, kwa vipimo vya daktari, kwani mwenye moyo dhaifu akijazwa maji kupita kiasi huzama kwa ndani. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2017, kwa wagonjwa 660 wenye kasi ya kati ya 30 na 59, ulionyesha kwamba wasiopewa dripu hawakudhurika kuliko waliopewa, na baadhi ya waliopewa walipata matatizo ya maji kuzidi. Mwaka uliofuata utafiti mkubwa wa karibu watu 5,000 ulionyesha kwamba dripu ya baikaboneti haishindi maji ya chumvi, wala vidonge vya asetilisisteini havisaidii kitu. Nimeona ndugu wakizunguka mji mzima kutafuta vidonge hivyo na kuuza kuku kuvilipia. Acheni.

Na kwa wale mtakaoniuliza habari za madafu: dafu ni zuri, lakini lina potasiamu nyingi, na mwenye figo zilizofeli potasiamu inaweza kumsimamishia moyo. Kwa huyo, maji ya kawaida, na kwa kiasi alichopangiwa. Vilevile asiyeelewana na kamba au pweza asidhani kwamba hawezi kupewa kontrasti; mzio wa vyakula vya baharini hautokani na iodini.

Ramadhani hii nimekwisha kupokea simu mbili za watu waliopangiwa CT saa tisa alasiri, wamefunga, na hawataki kuvunja. Masheikh mko hapa na nyinyi ndio wa kulisema hili kuliko mimi, lakini Qurani imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine, na mwenye figo dhaifu anayechomwa kontrasti ni mgonjwa. Ikiwa kipimo si cha haraka, aombe kipangwe baada ya Idi. Ikiwa hakiwezi kungoja, ale na anywe. Nawaomba msimwachie bibi wa watu aamue peke yake ukumbini.

Baada ya kipimo ndipo penye pengo letu kubwa. Figo ikiumia haipigi kelele. Hakuna maumivu, mara nyingi mkojo unaendelea kutoka, na kreatinini hupanda ndani ya siku mbili tatu, ikafika kileleni siku ya tatu hadi ya tano, kisha kwa wengi ikashuka ndani ya wiki mbili. Lakini siku ya tatu mgonjwa wetu yuko wapi? Amesharudi Lushoto, Handeni, Kilindi. Aliyepigwa picha Tanga anaangaliwa na nani kule Kilindi? Ombi langu kwa madaktari ni kwamba mgonjwa mwenye hatari aondoke na karatasi ya kupima kreatinini siku ya pili au ya tatu kwenye hospitali ya wilaya yake, ikiwa na namba ya kwanza imeandikwa juu, ili mtaalamu wa kule awe na cha kulinganisha. Ni mstari mmoja wa kalamu.

Sitaki mtu yeyote atoke hapa akiamua kukataa CT. Mtu aliyepata kiharusi, aliyegongwa na bodaboda na kuvuja damu tumboni, au mwenye donge la damu kwenye mapafu, asingojee hata majibu ya kreatinini. Apigwe picha, figo zitashughulikiwa baadaye, kwani saa moja ya kusubiri inaweza kumuua. Nimewaona waliokufa kwa kipimo kilichocheleweshwa kwa hofu ya dawa, na hao hakuna anayewahesabu. Na aliyeko kwenye kusafishwa damu, ambaye hana tena mkojo, anaweza kupewa kontrasti bila kukimbizwa kwenye mashine siku hiyohiyo. Aendelee na ratiba yake. Kwa MRI, kile kipimo cha sumaku, dawa ni nyingine, gadoliniamu, na tahadhari zake ni nyingine, sitaziingia leo.

Vijana wangu wa vyuo, nyinyi ndio mtakaoandika vile vikaratasi vya miadi. Kesho mkifika kazini, kisomeni kilichobandikwa ukutani, mtafute kama kinamkataza mgonjwa wa CT kunywa maji, kisha mwende kwa mkuu wenu wa idara, kwa adabu, mkamuulize sababu. Mkikuta sababu ni kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, basi mwambieni mmekutana na mzee mmoja aliyekuwapo huko zamani, aliyewanyima watu maji kwa mkono wake, na amesema sababu ile iliondoka pamoja na IVU.

Bado kuna dakika arobaini kabla ya adhana ya magharibi. Mwenyekiti amenionyesha saa, naye ana haki. Wale mliokuja na karatasi za maabara, sogeeni kwenye meza ile ya dirishani. Wauguzi wawili wako pale na jedwali la kasi ya figo kwa umri limeshaandikwa ubaoni. Leteni na vidonge mnavyomeza, vyote, hata vile vya kwenye kipochi, tuzisome hizo namba pamoja. Wazee watangulie.